Uchungu wa chai ya kijani na mwanamke aliyeuchunguza

Mwezi uliopita alikuja kliniki mama mmoja mwenye ujauzito wa miezi sita. Kiwango chake cha damu kilikuwa 8.9. Mwezi wa nyuma kilikuwa 9. Vidonge vya kuongeza damu alikuwa anapewa kila hudhurio, na aliniapia kwamba hajaruka hata siku moja. Nilimwamini. Nikamuuliza anavimeza na nini.

Akanijibu, tena kwa fahari kidogo, kwamba anavimeza na chai ya kijani, kikombe kikubwa asubuhi na kingine jioni, kwa sababu jirani yake alimwambia chai hiyo husafisha damu. Nikamuuliza anaipikaje. Alisema anaweka majani kwenye sufuria, anafunika, anaacha yachemke dakika ishirini hivi mpaka maji yanakuwa ya kahawia. Inakuwa chungu kama mwarobaini, akaniambia, na kwa uchungu huo ndipo anajua inafanya kazi.

Sikumlaumu. Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba dawa isiyo chungu ni maji tu. Lakini uchungu ule una jina, na mtu aliyeutoa ndani ya jani la chai akauona ukiwa peke yake alikuwa mwanamke wa Kijapani, Dk Michiyo Tsujimura. Badala ya kukuandikia tena orodha ya faida na madhara ya chai, leo naomba nikusimulie maisha yake. Humo utaona kwa nini chai yako ya kijani inakushinda kunywa bila sukari, na kwa nini damu ya yule mama haikupanda.

Tsujimura alizaliwa tarehe 17 Septemba 1888, mahali ambapo leo panaitwa Okegawa, katika mkoa wa Saitama, si mbali na Tokyo. Japani ya wakati ule ilikuwa mbioni kujenga reli, viwanda na vyuo vikuu. Vyuo vikuu hivyo vilikuwa vya wanaume. Binti mwenye kichwa chepesi njia yake ilikuwa moja, ualimu, na yeye akaifuata. Alimaliza chuo cha ualimu cha wasichana mjini Tokyo mwaka 1909, kisha akaendelea katika shule ya juu ya ualimu ya wanawake, upande wa sayansi, akahitimu mwaka 1913.

Katika shule hiyo ya juu alikutana na mwalimu aliyembadilisha. Aliitwa Kono Yasui, mtaalamu wa mimea, ambaye baadaye, mwaka 1927, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Japani kupata udaktari wa sayansi. Ninasisitiza jambo hili kwa wazazi wenye mabinti. Tsujimura hakuanza na maabara wala pesa. Alianza kwa kumwona mwanamke mwingine akifanya utafiti, akajua kumbe inawezekana.

Alifundisha shule ya wasichana Yokohama, na mwaka 1917 akarudi Saitama kufundisha chuo cha ualimu. Alikuwa na mshahara na heshima ya kuitwa mwalimu. Kwa mtu mwingine safari ingekuwa imefika. Yeye mwaka 1920, akiwa ameshaingia miaka ya thelathini, aliacha kazi akapanda kwenda kisiwa cha kaskazini, Hokkaido, kwenye baridi na theluji, kuomba nafasi katika chuo kikuu cha huko.

Chuo hakikuwa kinapokea wanafunzi wanawake. Walichomruhusu ni kuwa msaidizi asiye na mshahara katika maabara ya lishe, kwenye idara ya kemia ya kilimo. Akakubali. Mimi nilipokuwa daktari wa mafunzo kwa vitendo, posho ilipochelewa miezi miwili nilikuwa nimeshaanza kuulizia kazi ya duka la dawa, kwa hiyo habari hii huwa naisoma kwa adabu. Kazi yenyewe aliyopewa ilikuwa kuchunguza lishe ya viwavi wa hariri, wale wanaokula majani ya mforosadi. Usicheke. Hariri ndiyo iliyokuwa ikiiletea Japani fedha za kigeni, na kumlisha kiwavi vizuri lilikuwa jambo la uchumi wa nchi.

Mwaka 1922 alihamia Tokyo, kwenye maabara ya kemia ya tiba katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo. Hakukaa sana. Tarehe 1 Septemba 1923, dakika chache kabla ya saa sita mchana, ardhi ilitikisika. Watu walikuwa jikoni wakiandaa chakula cha mchana, moto ukashika nyumba za mbao, na Tokyo na Yokohama zikaungua. Waliokufa walizidi laki moja. Maabara yake nayo ikaharibika.

Mwezi mmoja baadaye, Oktoba, alikuwa ameshapata mahali pengine, taasisi ya utafiti inayoitwa RIKEN, iliyoanzishwa mwaka 1917. Aliingia kama mwanafunzi wa utafiti, chini ya profesa Umetaro Suzuki. Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa sababu Suzuki ana habari inayokuhusu hata wewe usiyekunywa chai.

Wakati ule ugonjwa wa beriberi ulikuwa unaua Wajapani wengi. Miguu inakufa ganzi na kuvimba, moyo unashindwa kazi. Uliwapata zaidi watu waliokula mchele mweupe uliokobolewa sana, wakiwemo askari. Mwaka 1910 Suzuki alitoa kwenye pumba za mchele kitu kilichozuia ugonjwa huo, kitu ambacho leo tunakiita vitamini B1. Pumba zilizotupwa ndizo zilizokuwa na uhai. Ni habari ileile ya sembe na dona ninayoirudia kwenye safu hii mpaka wengine mmenichoka.

Kwa hiyo Tsujimura aliingia katika maabara ambayo ilikuwa imeshazoea kutafuta vitu vidogo vyenye nguvu ndani ya vyakula vya kila siku. Na katika Japani, chakula cha kila siku kuliko vyote ni chai ya kijani.

Mwaka 1924, yeye na mwenzake Seitaro Miura walitangaza kwamba chai ya kijani ina vitamini C. Leo unaweza kusema, basi ni hilo tu? Lakini fikiria hali ya wakati ule. Vitamini C yenyewe ilikuwa bado haijatengwa na mtu yeyote duniani. Ilijulikana kwa kazi yake tu. Watafiti waliitambua kwa kutumia simbilisi, wale wanyama wadogo ambao ndugu zetu wa Njombe na Iringa huwafuga jikoni. Simbilisi, kama binadamu, hana uwezo wa kujitengenezea vitamini C mwilini, na akiikosa kwenye chakula anapata kiseyeye, ugonjwa wa fizi kuvuja damu na vidonda visivyopona. Ukimlisha chakula chenye vitamini hiyo anapona. Hivyo ndivyo elimu ya wakati huo ilivyojua kipi kinayo na kipi hakina.

Habari ilivuka bahari, na Wajapani wakaanza kuuza chai ya kijani zaidi Amerika ya Kaskazini.

Huenda unajiuliza kwa nini chai ya kijani na siyo hii yetu ya rangi. Mmea ni mmoja. Mchai ulioko Mufindi, Rungwe au Lushoto ungeweza kutoa zote mbili. Tofauti iko kiwandani. Kwa chai ya rangi, majani huachwa yanyauke, yanasagwa, kisha yanaachwa yakutane na hewa. Ndani ya jani kuna kimeng'enya ambacho, kikipata oksijeni, hugeuza rangi na ladha, kama tufaa au parachichi linavyogeuka kahawia ukilikata na kuliacha. Vitamini C huharibika katika shughuli hiyo. Kwa chai ya kijani ya Kijapani, majani hupitishwa kwenye mvuke mapema baada ya kuchumwa. Mvuke unakiua kile kimeng'enya, jani linabaki kijani, na vilivyokuwemo vinabaki humo vingi.

Lakini naomba usikimbilie kununua chai ya kijani kwa ajili ya vitamini C. Kikombe kina kiasi kidogo, na kuchemsha kwa muda mrefu hukipunguza tena. Chungwa moja linashinda vikombe vingi, na pera linashinda chungwa. Mtoto wako mpe pera.

Turudi maabara. Vitamini haikumtosha Tsujimura. Alitaka kujua jani lile lina nini kingine, hasa kile kinachobana ulimi. Mwaka 1929 akafanikiwa kutenga katekini kutoka kwenye chai ya kijani. Mwaka uliofuata akatoa tanini ya chai ikiwa fuwele, yaani chembe safi zinazong'aa kama chumvi. Mwaka 1934 akaongeza nyingine ya ukoo huohuo, galokatekini. Majina haya usihangaike kuyakariri. Kumbuka tu kwamba jamii hii ya katekini ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya uchungu wa chai ya kijani na ule ukakasi unaokausha mdomo kama umekula ndizi mbichi. Kafeini nayo inachangia uchungu.

Kwa utafiti wa viambato vya chai ya kijani, Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo kilimpa udaktari wa kilimo mwaka 1932. Alikuwa mwanamke wa kwanza Japani kuupata. Alikuwa na miaka arobaini na ushee, umri niliomo mimi ninayeandika haya, na ilikuwa imepita miaka 12 tangu aanze kufanya kazi bila malipo kwenye maabara ya viwavi.

Sasa njoo nasi jikoni, kwa sababu hapa ndipo kazi yake inapoingia kwenye kikombe chako.

Katekini zinatoka kwenye jani kwa kufuata joto na muda. Maji yakiwa moto sana, zinatoka nyingi na upesi. Ukiacha majani yakae, zinazidi kutoka. Kafeini vilevile. Lakini jani lina kitu kingine chenye utamu laini, kama mchuzi mwepesi, kinachoitwa theanini. Hicho kilitambuliwa na Mjapani mwingine, Yajiro Sakato, karibu na mwaka 1950. Theanini haihitaji maji yanayotokota, hutoka vizuri hata maji yakiwa yamepoa. Kwa hiyo anayetumia maji ya wastani kwa muda mfupi anapata utamu mwingi na uchungu kidogo. Anayechemsha kwenye sufuria dakika ishirini anakamua kila kilichomo, na uchungu unaufunika utamu wote.

Hiyo ndiyo sababu chai ya kijani haiwezi kupikwa kama chai ya maziwa. Chai yetu ya maziwa inavumilia kuchemka, maana ina maziwa, sukari, tangawizi na iliki, na majani yake yametengenezwa kwa ajili hiyo. Majani ya kijani hayapikwi, yanalowekwa.

Chemsha maji mpaka yachemke kweli. Hili silegezi, kwa sababu kipindupindu na homa ya matumbo havijui kama unatengeneza chai ya Kijapani. Maji yakishachemka, epua, na uyaache yapoe kabla hayajagusa majani. Joto zuri kwa chai ya kijani ya kawaida ni kati ya nyuzi 70 na 80. Huna kipimajoto? Mimina maji kutoka kwenye birika kwenda kikombe kitupu, kisha kutoka kikombe hicho kwenda kingine. Kila unapohamisha, joto hushuka takribani nyuzi 10. Ukihamisha mara mbili umekaribia 80, mara tatu 70. Mlioko Mbeya na Njombe maji yenu huchemka kabla ya kufika nyuzi 100 kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo mara mbili zinawatosha.

Majani, kijiko kimoja cha chai kwa kikombe cha kawaida. Weka kwenye buli au kikombe, mimina yale maji, funika, subiri dakika moja mpaka mbili. Tumia saa ya simu, usikadirie huku unaosha vyombo, utasahau, nami nimesahau mara nyingi. Kisha chuja yote, mpaka tone la mwisho, usiache maji yakiogelea na majani. Majani hayohayo unaweza kuyamiminia maji mara ya pili, safari hii moto kidogo zaidi na kwa nusu dakika tu, maana yameshafunguka.

Kama unatumia vile vipakiti vyenye uzi, mambo ni yaleyale. Dakika moja au mbili, toa, usikibinye kwa kijiko.

Rangi itakayotoka ni kijani cha kuelekea njano, hafifu. Wengi wakiiona wanadhani wameuziwa majani yaliyokwisha nguvu. Onja kwanza. Na onja kabla ya kugusa bakuli la sukari, kwa sababu hapa ndipo wagonjwa wangu wa kisukari wanapoharibikiwa. Mtu anasikia chai ya kijani ni nzuri kwa sukari, anaichemsha inakuwa chungu, anashindwa kuinywa, anaweka vijiko vitatu vya sukari ili ipite. Kwa siku vikombe vitatu, vijiko tisa. Angekunywa maji angekuwa amejisaidia zaidi. Na nikishaitaja sukari, niseme moja kwa moja kwamba chai ya kijani haichukui nafasi ya vidonge vya kisukari wala vya presha. Endelea na dawa zako.

Usiihifadhi kwenye chupa ya chai toka asubuhi mpaka jioni. Ikikaa kwenye joto inageuka kahawia na harufu yake inapotea. Tengeneza unayokunywa. Majani yaweke kwenye kopo linalofunga vizuri, mbali na mwanga na mbali na kabati la viungo, maana yanavuta harufu. Chai ya kijani iliyokaa jirani na bizari inanuka pilau.

Sasa yule mama. Katekini na tanini zina tabia moja ambayo ulimi hauioni. Zikikutana na madini ya chuma tumboni, hasa yale ya kwenye mboga, maharage, uji na vidonge, zinayashika, na mwili unashindwa kuyafyonza vizuri. Kadiri chai ilivyo nzito ndivyo zinavyoshika zaidi. Kile kikombe chake cha dakika ishirini, kilichokuwa kinameza kidonge pamoja naye, kilikuwa kinazuia sehemu kubwa ya dawa aliyopewa. Hakuruka siku hata moja, ni kweli. Lakini kila siku alikuwa anavizuia.

Chai ya rangi nayo inafanya hivyohivyo, kwa hiyo usinisome vibaya ukaitupa ya kijani ukarudi kwenye ile nyingine. Vidonge vya kuongeza damu vimeze na maji, au na juisi ya chungwa au pera, kwa sababu vitamini C inasaidia chuma kufyonzwa. Chai iache angalau saa moja kabla au baada ya chakula na vidonge. Mjamzito pia asizidishe kafeini. Shirika la Afya Duniani linashauri anayepata zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze, na hapo huhesabu kahawa, chai zote na soda za kola kwa pamoja.

Kwa wazazi: mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hakuna chai ya aina yoyote, hata kijiko kimoja cha kutuliza tumbo. Na huyu wa mwaka mmoja au miwili anayepewa chai na mkate kila asubuhi, ndiye ninayemwona wodini amepauka viganja. Mpe uji wenye lishe na tunda, chai itamkuta akikua.

Yapo mawili mengine nitakayoyapitia haraka. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65 wakati wa kunywa, huenda vinachangia saratani ya umio, ile njia ya chakula. Ukanda wetu wa Afrika Mashariki una wagonjwa wengi wa saratani hiyo. Aina ya kinywaji si hoja, hoja ni joto lake. Chai iliyotengenezwa kwa maji yaliyopozwa hufika mdomoni ikiwa haiunguzi, na ile ya rangi nayo isubiri kidogo kabla hujaipiga.

La pili ni vidonge vya kupunguza unene vilivyoandikwa kuwa vimetokana na chai ya kijani. Ndani yake mna katekini zilizokolezwa kwa kiasi ambacho mtu asingekipata kwa kikombe. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kwamba virutubisho vyenye miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini kuu ya chai ya kijani vinaweza kuanza kuathiri ini. Kunywa chai iliyolowekwa kwa maji hakukuonekana kuwa na shida hiyo. Anayekuuzia kopo la vidonge kwenye simu muulize ni miligramu ngapi. Hajui.

Tsujimura mwenyewe aliendelea. Mwaka 1935 alisajili hataza ya njia yake ya kutoa fuwele za vitamini C kutoka kwenye mimea. Ukitazama vyeo vyake, hata hivyo, utashangaa. Aliingia RIKEN mwaka 1923 kama mwanafunzi wa utafiti. Alipandishwa kuwa mtafiti mdogo mwaka 1942, miaka 10 baada ya kupata udaktari. Mtafiti kamili alikuwa mwaka 1947, akikaribia miaka 60. Sijui wanaume wangapi wangesubiri hivyo.

Vita vilipokwisha, Japani ikafungua milango ya vyuo vikuu kwa wanawake. Ile shule ya juu ya ualimu aliyosoma ujanani ikageuzwa chuo kikuu mwaka 1949, na yeye akawa profesa hapo. Chuo hicho kinaitwa Ochanomizu, jina la eneo la Tokyo ambako shule ilikuwa zamani. Maana yake ni maji ya chai. Inasemekana hapo zamani maji ya chemchemi ya eneo hilo yalichotwa kwa ajili ya chai ya mtawala. Nikisoma hapo huwa natabasamu, mwanamke aliyeichambua chai anafundisha kwenye chuo cha Maji ya Chai.

Mwaka 1950 alikuwa mkuu wa kwanza wa kitivo cha sayansi ya nyumbani. Somo hilo kwetu tumelidharau, tunadhani ni kushona vitambaa na kupika keki. Yeye alikwenda nalo akiwa daktari wa kemia ya kilimo, aliyejua kwamba jikoni kuna joto, muda na vipimo kama maabara. Alistaafu mwaka 1955 lakini hakuacha kufundisha, hapo mpaka mwaka 1961, na pia katika chuo kingine cha wanawake, Jissen. Mwaka 1956 alipewa tuzo ya sayansi ya kilimo ya nchi yake, na mwaka 1968 nishani ya taifa ambayo Japani ilikuwa ikiwapa wanawake.

Alifariki tarehe 1 Juni 1969 katika mji wa Toyohashi, akiwa na miaka 80. Kwao Okegawa wamemwekea jiwe la kumbukumbu. Huenda picha yake umewahi kuiona bila kumjua, maana tarehe 17 Septemba 2021 Google waliiweka kwenye ukurasa wao, amesimama na vyombo vya maabara.

Yule mama alirudi wiki iliyopita. Damu 10.2. Vidonge sasa anameza na juisi ya pera. Chai ya kijani bado anakunywa, saa kumi jioni, kikombe kimoja, maji anayahamisha mara mbili kama nilivyomwonyesha. Jirani yake alipoiona amesema hiyo si chai, ni maji ya kuoshea vikombe. Akamwambia aonje.

Wiki ijayo nitajibu barua za wasomaji watatu wanaosema vidonge vya kuongeza damu vinawafunga choo.